Herufi za akriliki: kingo zinayeyuka na chenga zinaganda kwenye biti ya rauta

Randa ya Mikindani ameuliza:

Ndugu mafundi, nawasalimu nyote kwa heshima. Mimi ni seremala wa milango na makabati hapa Mikindani, na kwa miaka yote niliyofanya kazi hii rauta (mashine ya mkononi inayozungusha biti, yaani kisu cha kukatia) nimeitumia kwenye mninga, mkongo na MDF (ubao wa unga wa mbao uliogandishwa kwa gundi) peke yake. Wiki mbili zilizopita mfanyabiashara mmoja wa Mtwara mjini aliniletea kipande cha akriliki nyekundu, ile plastiki ngumu ya mabango, cha futi 4 kwa 3, chenye unene wa milimita 5, alichokisafirisha kutoka Dar es Salaam juu ya lori la mizigo, akaniomba nimkatie herufi za maneno DUKA LA DAWA, kila herufi iwe na kimo cha sentimita 25. Nilihesabu herufi kumi, nikaona ni kazi ya siku moja, nikakubali bei bila kuuliza mtu.

Nilitengeneza kiolezo cha kila herufi kwa plaiwudi ya milimita 12, nikakisawazisha kwa tupa na msasa mpaka kikawa laini. Kisha nilikata akriliki kwa jigiso (msumeno mwembamba wa umeme wa kukatia mipindo) nikiacha ziada ya milimita 4 kuzunguka mstari, nikabandika kiolezo kwa tepu ya pande mbili, na kumalizia kwa rauta yenye biti iliyonyooka ya meno mawili yenye beringi (kigurudumu kinachotambaa kwenye kiolezo), kama nifanyavyo kwenye milango ya makabati. Kwa kuwa mali ni ya mtu na ni ya bei, niliiweka mashine karibu na kasi yake ya juu kabisa, yaani mizunguko 28,000 kwa dakika, maana kwenye mti kasi kubwa ndiyo inayotoa uso laini, na mkono nikausogeza taratibu kama mtu aliyebeba mayai. Mgongo wa herufi D pamoja na tumbo lake, ambao kwa jumla ni karibu sentimita 60, ulinichukua kama sekunde 45.

Matokeo yake ukingo umekuwa mweupe wenye mawimbi na vinundu, na chenga hazirukii pembeni bali zinavutika kama nyuzi na kujisokota kwenye biti mpaka biti yote inavaa kofia ya plastiki. Hata ule mkato wa jigiso ulikuwa ukijifunga tena nyuma ya msumeno, nikalazimika kuutenganisha kwa bisibisi. Herufi ya pili, K, ilipasuka pale ndani mikono yake miwili inapokutana. Nimebakiwa na nafasi ya kukosea herufi tatu, si zaidi. Naomba kuelekezwa: kosa ni la biti, la kasi, au plastiki yenyewe ni duni? Pia nimepanga kuzifuta herufi kwa thina ili kuondoa alama za gundi ya tepu, kama kuna namna bora zaidi naomba mnijulishe.

Mzee wa Shangani amejibu:

Mwanangu, pole na kazi. Plastiki usiilaumu bado, na biti pia iache kwanza. Kilichokuponza ni ule upole wa mkono wako.

Tufanye hesabu pamoja. Sentimita 60 kwa sekunde 45 ni milimita 800 kwa dakika. Biti yako ina meno mawili na inazunguka mara 28,000, kwa hiyo kila dakika jino linapita kwenye plastiki mara 56,000. Gawanya milimita 800 kwa 56,000 utapata milimita 0.014, na huo ndio unene wa chenga ambayo kila jino lilikuwa linapewa kukata. Karatasi ya kawaida ya daftari ina unene wa karibu milimita 0.1, maana yake ulikuwa unaliomba jino likwangue sehemu ya saba ya unene wa karatasi. Jino haliwezi kuingia kwenye kitu chembamba kiasi hicho. Linateleza juu yake, linasugua, linarudi kusugua tena. Biti yako ilikuwa haikati, ilikuwa inapiga pasi.

Kwenye mti kosa hilo lina adabu yake: mti unaungua kidogo, unaona weusi, unapitisha msasa, maisha yanaendelea. Akriliki haina subira hiyo. Inapokaribia nyuzi joto 100 za Selsiasi inaanza kulegea, na ikishalegea haikatiki bali inavutika, ndizo hizo nyuzi ulizoziona, nazo zikipoa zinagandia palepale zilipo. Vilevile akriliki haipitishi joto kama chuma kinavyopitisha, kwa hiyo joto la msuguano halisambai kwenye bamba. Linabaki ukingoni na kwenye biti. Chombo pekee cha kulitoa nje joto hilo ni chenga yenyewe. Chenga nene inaondoka na joto lake, chenga nyembamba inaliacha.

Sasa punguza kasi hadi mizunguko 16,000, halafu ongeza mwendo wa mkono mpaka sentimita 60 zikuchukue sekunde 12 tu. Hiyo ni mita 3 kwa dakika, meno mawili yanapita mara 32,000, na kila jino linapata milimita 0.094, yaani takriban unene wa karatasi. Usiamini hesabu yangu tu, amini sikio na macho yako. Biti inayokata akriliki vizuri ina mvumo mzito wa sauti moja, na chenga zake zinaanguka kavu mezani kama chicha ya nazi iliyoanikwa juani. Ukisikia mlio mwembamba unaopanda, au ukiona uzi hata mmoja, mkono umezubaa. Usisimame katikati ya mstari kamwe. Mahali utakaposimama kwa sekunde moja patabaki shimo dogo lenye mng'ao ambalo halitoki kwa msasa.

Mambo mengine matatu yanaambatana na hilo. Kwanza, ziada ya milimita 4 ni kubwa mno kwa kumalizia. Acha milimita moja na nusu au mbili, ili biti iwe na kazi ya kunyoa tu. Pili, kama biti hiyo ndiyo uliyokuwa ukikatia MDF, iweke kando, kwa kuwa gundi iliyomo ndani ya MDF inakula makali kwa namna ambayo jicho halioni lakini plastiki inaihisi mara moja. Nunua biti mpya ya kabaidi na uiandike kwa rangi kwamba ni ya plastiki peke yake. Tatu ni upande wa kuzungukia. Biti ya rauta ukiitazama kutoka juu inazunguka kufuata mshale wa saa, basi wewe ukiwa unakata nje ya herufi uzunguke kinyume cha mshale, na ukiwa ndani ya tundu la D au la A ufuate mshale. Hapo biti inasukumana nawe na wewe ndiye unayeiongoza. Ukienda kinyume cha hivyo itashika ukingo na kukukimbilia, na akriliki haina nyuzi za kuizuia kama mti, itameguka. (Na kwa vijana wanaopenda mzaha: mshale wa saa unazunguka upande uleule, iwe saa ya Kiswahili au ya Kizungu.)

Neno la mwisho kwa leo. Huku kwetu jioni taa zikipungua mwanga kwa sababu jirani anachomelea mageti, ngoja amalize. Umeme ukishuka, mashine ndogo isiyojirekebisha yenyewe inapungua kasi katikati ya mkato, biti inashika, na herufi inakwenda na maji.

Chikongola 07 amejibu:

Kwa maoni yangu rauta hapa ni kujitafutia shida. Kata kwa jigiso yenye msumeno wa meno madogo ukifuata mstari, kisha maliza kwa tupa na msasa. Mimi nimefanya hivyo kwa vibao vya namba za nyumba na wateja wameridhika.

Mzee wa Shangani amejibu:

Kwa kibao cha pembe nne ambacho kingo zake zinafunikwa na fremu, sina ubishi nawe. Ila herufi ya sentimita 25 inatazamwa ukingo wake, na tumbo la D lililosawazishwa kwa tupa linaonekana kutoka ng'ambo ya barabara kuwa ni tumbo la tupa.

Mabango Lindi amejibu:

Shikamoo mzee wangu, na wewe kaka wa Mikindani nakupa pole. Mimi ninatengeneza mabango hapa Lindi mjini, na akriliki ndiyo chakula changu cha kila siku, kwa hiyo naomba niongeze kidogo, na pahali pamoja nimpinge mzee kwa adabu.

Kuhusu thina, tafadhali iweke chupa hiyo mbali na meza yako kabisa. Akriliki iliyokatwa au kutobolewa inabaki na mkazo kwenye ukingo, hasa kama ukingo ulipata joto kama ulivyopata wako. Thina, petroli, spiriti na hata zile dawa za kusafishia vioo zenye amonia zikigusa ukingo huo zinafungua nyufa ndogondogo nyingi kama utando wa buibui, wakati mwingine papo hapo, wakati mwingine baada ya siku kadhaa, wakati bango limeshapanda ukutani na fedha umeshalipwa. Yalinikuta mwaka wangu wa kwanza: nilifuta herufi kumi na nne kwa spiriti zikang'aa kama kioo, na wiki haikwisha mteja akanipigia simu kwamba zimeota mvi. Nilizirudia zote kwa gharama yangu. Alama za gundi ya tepu huondoka kwa maji ya uvuguvugu yenye sabuni ya kuoshea vyombo na kitambaa laini, na zile sugu hulainika kwa mafuta ya taa yaliyotiwa kidogo kwenye kitambaa, kisha unaosha mara moja kwa sabuni. Bora zaidi ni kutoruhusu gundi iguse plastiki kabisa: usibandue ile karatasi au nailoni ya kinga iliyokuja na bamba mpaka kazi yote iishe. Chora juu yake, bandika tepu juu yake, kata ukiwa nayo. Jihadhari tu bamba lisikae juani siku nyingi na kinga yake, kwa kuwa kwa jua la huku kwetu gundi ya kinga inaiva na kuwa ngumu kubanduka kuliko rangi.

Pale ninapompinga mzee ni kwenye zile sekunde 12. Hesabu ni sahihi, na kwenye mstari ulionyooka nitafuata bila neno. Lakini herufi zina kona na matumbo, na mkono wa binadamu, tena wa mtu anayeogopa mali ya mteja, hupungua mwendo kila unapofika kwenye mpindo. Hapo ndipo plastiki inapoyeyuka, kwenye tumbo la D na si kwenye mgongo wake. Njia yangu ni kupunguza meno badala ya kuulazimisha mkono ukimbie. Ninatumia biti ya milimita 6 yenye jino moja na mfereji mpana, ile inayouzwa kwa ajili ya plastiki na alumini. Kwa mizunguko 16,000, sentimita 60 kwa sekunde 20 ni mita 1.8 kwa dakika, na jino hilo moja linapata milimita 0.11 kila linapopita. Unapata chenga ileile ya mzee kwa mwendo ambao mkono unaweza kuutawala hata kwenye mpindo, na ule mfereji mpana unazipa chenga nafasi ya kutoka badala ya kubanwa na kuchemka humo ndani. Ukinunua ya msokoto, chagua inayopandisha chenga juu. Ile inayozisukuma chini inazirundika kwenye mkato na unarudi kulekule kwenye nyuzi.

Tatizo la biti hii ni kwamba kwa kawaida haina beringi. Ninachotumia ni pete ya kuongozea inayofungwa kwenye kitako cha rauta, ambayo shingo yake ndiyo inayosugua kiolezo. Pete yangu ina kipenyo cha nje cha milimita 16 na biti ni ya milimita 6, kwa hiyo tofauti ni 10, na nusu yake ni 5: biti inakata milimita 5 mbali na kiolezo. Maana yake kiolezo cha nje ya herufi kinatakiwa kiwe kidogo kwa milimita 5 kila upande, na kiolezo cha tundu la ndani kiwe kikubwa kwa milimita 5 kila upande. Ni usumbufu, sikatai, na mara yangu ya kwanza niliigeuza hesabu nikapata A yenye tundu la kupitisha sisimizi tu. Hata hivyo faida yake ni kwamba huhitaji kupita na jigiso kwanza; unashuka na biti yenyewe kwa awamu mbili, ya kwanza milimita 3 na ya pili inamalizia, na kila awamu unapuliza chenga au kuzifagia kwa brashi ya rangi.

Kuhusu swali lako kama plastiki ni duni, nadhani si duni bali ni ya aina nyingine. Akriliki ziko za namna mbili: iliyomiminwa kati ya vioo viwili ikaganda, na iliyokamuliwa na mashine kama unga wa tambi. Ya pili ni nafuu zaidi na unene wake ni sawasawa kila mahali, lakini inalegea upesi na kufanya nyuzi. Ya kwanza inavumilia biti vizuri zaidi. Chukua kipande kilichoharibika, toboa kwa kekee pole kwa pole. Zikitoka chenga kavu za kukatikakatika, kuna uwezekano mkubwa ni ya kumiminwa. Ukitoka utepe mrefu usiokatika, ni ya kukamuliwa, na hapo uwe mwangalifu zaidi na joto, labda ushushe kasi hadi 14,000. Zote mbili zinakatika vizuri, mradi ujue uko na ipi.

Masasi Korosho ameuliza:

Samahanini kwa kudandia. Nina polikabonati, plastiki nyingine inayofanana na akriliki, ya milimita 4 ambayo nataka kuikata iwe kinga ya mashine ya kubangulia korosho, yenye dirisha la mviringo. Je, maelezo haya yanafaa, au nifungue mjadala wangu?

Mabango Lindi amejibu:

Yanafaa, kaka. Polikabonati inalegea kwenye joto kubwa zaidi, karibu nyuzi 147, na inapinda bila kupasuka, ndiyo maana umefanya vyema kuichagua kwa kinga ya mashine kuliko akriliki, ambayo ikipigwa na kitu kinachoruka inagawanyika vipande vyenye ncha. Kasi na mwendo ni vilevile. Inachubuka kirahisi sana, kwa hiyo bandika tepu ya karatasi chini ya kitako cha rauta, na usijaribu kung'arisha ukingo wake kwa moto. Nayo inaogopa thina vilevile.

Mchongaji wa Newala amejibu:

Nimesoma kwa makini, ingawa mimi ni mtu wa mpingo na plastiki ninaikata mara chache tu, kwa vijukwaa vya kusimamishia vinyago. Sijaona mtu aliyeigusa ile K iliyopasuka, nami nadhani sababu yake si joto peke yake.

Sisi wachongaji tunajua kwamba ufa unaanzia penye kona kali. Katika mti unaweza kuuzuia kwa kufuata mwelekeo wa nyuzi, lakini akriliki haina nyuzi, kwa hiyo ufa ukianza hauna pa kukwama. Pale ndani ya K jigiso ilisimama, ikageuka, na bila shaka ikaacha kipengo kidogo kilichoingia ndani zaidi ya mstari. Rauta ilipofika ikitikisa, kipengo hicho kikafunguka. Kabla ya kukata, toboa tundu la milimita 6 kwenye kila kona ya ndani, tundu likigusa mistari yote miwili, na mkato uishie ndani ya tundu hilo. Kona itabaki na mviringo wenye nusu kipenyo cha milimita 3. Usiuchonge kwa tupa kuufanya mkali ili ufanane na mwandiko wa kompyuta. Mpita njia hauoni, na wewe umekulindia herufi.

Biti ya kekee ya kawaida, ya kutobolea chuma, inapotoka upande wa pili wa akriliki hushika na kumegua. Saga ncha yake iwe na pembe kali zaidi, na weka ubao uliobanwa kwa nguvu chini ya bamba, ili biti itoke kwenye ubao na si kwenye hewa. Ubao huohuo ubaki wakati wa rauta. Inaelekea ulikuwa unakata huku mabaki yananing'inia nje ya meza, nayo yanatikisika kama bati lililolegea kwenye upepo wa kusi, na kila mtikisiko ni kipigo kwa herufi. Bana mabaki pia, si herufi tu.

Kwa kumalizia ukingo, kabla ya msasa jaribu kukwangua. Chukua mgongo wa msumeno wa chuma, unoe upande wake uwe na kona safi ya mraba, na uuvute juu ya ukingo kwa mkono mmoja mrefu, ukiuinamisha kidogo kuelekea unakokwenda. Alama za biti zitatoka kwa utepe mwembamba sana. Baada ya hapo msasa wa maji namba 400, kisha 600, na kitambaa chenye dawa ya kung'arishia rangi ya gari ikiwa unataka mng'ao. Kwa herufi itakayotazamwa kutoka barabarani, namba 600 inatosha kabisa.

Mzee wa Shangani amejibu:

Bibi wa Lindi amenishinda kwa hoja ya tumbo la D, nami ninakubali mbele ya watu. Mimi nilikata akriliki nyingi kwa kusukuma ubao juu ya meza yenye rauta iliyogeuzwa chini, na hapo mikono miwili inakimbia bila shida. Nilisahau kwamba kijana huyu ameishika mashine mkononi. Ila ukifika siku moja ukaigeuza chini ya meza, mwanangu, kumbuka kwamba na upande wa kuzungukia unageuka.

Jambo la moto alilolitaja nami nalisisitiza kwa akriliki pia. Watu hupitisha mwali wa gesi ukingoni ili ung'ae, na unang'aa kweli, lakini ukingo uliopitiwa na moto una mkazo, na ukija kuugusa kwa klorofomu ya kugundishia utapata utando uleule wa buibui. Kama herufi zitagundishwa, zisiguswe na moto.

Randa ya Mikindani amejibu:

Wazee wangu na dada yangu wa Lindi, nawashukuru. Nimechelewa kuandika kwa sababu biti ya jino moja sikuipata Mtwara, ikabidi niagize Kariakoo, nikaipokea kituo cha basi asubuhi ya siku ya tano.

Nilianza kwa kutoboa ile D iliyoharibika, ikatoka utepe mrefu kama tambi, kwa hiyo yangu ni ya kukamuliwa. Nilishusha kasi hadi mizunguko 14,000. Nilimweka kijana wangu wa kazi asimame na saa ya simu ahesabu sekunde kwa sauti, nami nikafanya mazoezi kwenye mabaki mpaka mkono ukazoea sentimita 60 kwa sekunde kati ya 20 na 22. Mara tatu za kwanza nilichelewa kwenye mpindo, na kila nilipochelewa uzi ulitokea palepale, nikaamini kwamba yote yaliyosemwa hapa si maneno matupu. Mara ya nne chenga zilianguka kavu. Ukingo umetoka na ukungu mwepesi wenye mistari midogo ya wima, hauna vinundu, na kwa kukwangua kwa mgongo wa msumeno umekuwa laini kuliko nilivyotarajia.

Herufi tisa zimekamilika bila kosa. Ya kumi, A ya mwisho, niliikosea kwenye tundu la pembetatu, kwa sababu kile kipande cha ndani kilipokatika kabisa kilirukia biti na kumegua ukingo. Nikairudia kwa kubandika kipande cha ndani kwenye ubao wa chini kwa tepu kabla ya kukata, na safari hii kilitulia. Nimebakiwa na nafasi ya herufi mbili ambazo sitazihitaji.

Sasa mteja anataka herufi zifungwe kwa skrubu kwenye kibao kirefu cha akriliki nyeupe cha sentimita 120, na kibao chenyewe kifungwe ukutani kwa skrubu za milimita 5, kikiangalia magharibi. Nitoboe tundu la milimita 5 sawasawa na skrubu, au kuna jambo la kuangalia?

Mabango Lindi amejibu:

Usitoboe sawasawa, kaka. Akriliki inatanuka kwa karibu milimita 0.07 kwa kila mita moja kwa kila nyuzi moja ya joto. Ukuta unaopigwa na jua la alasiri na kupoa usiku unaweza kuwa na tofauti ya nyuzi 25 au zaidi, na kwa kibao cha mita 1.2 hiyo ni zaidi ya milimita 2 za kwenda na kurudi kila siku. Skrubu ikibana pande zote, kitu pekee kinachobaki kutanuka ni ufa.

Tundu la katikati ndilo litakaloshikilia, litoboe milimita 5 na nusu. Yale ya mwisho kila upande yatoboe milimita 8, weka washa pana yenye mpira chini yake, kaza mpaka washa iguse, kisha rudisha skrubu robo mzunguko. Tundu lolote lisikae karibu na ukingo kwa chini ya milimita 16, yaani mara mbili ya kipenyo chake. Skrubu za kuzamisha kichwa usizitumie, kwa kuwa zile zenye umbo la koni zinaingia kama kabari.

Herufi kwa kuwa ni ndogo hazina tatizo hilo, tundu la kawaida lenye nafasi ya milimita moja linatosha. Nyuma ya kila herufi weka kipande cha bomba cha milimita 10 ili isimame mbali na kibao, vumbi na maji ya mvua yapite, na kivuli chake kiisomeshe vizuri zaidi jua linapokuwa upande.

Randa ya Mikindani amejibu:

Nimeelewa. Kesho asubuhi nitatoboa kabla upepo haujaanza, na yale matundu ya mwisho nitayaanza kwa biti ya milimita 3 kwanza, kisha niyapanue hadi 8.